Mguu wa mgonjwa wa kiharusi unapocheza wenyewe, nani anauamuru?

Fundi_Viungo

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya kazi ya fiziotherapia. Mara kwa mara ndugu wa mgonjwa wa kiharusi huniita pembeni na kuniambia kwa furaha, "Mguu wa mama umeanza kucheza wenyewe, anapona." Mwingine huniita kwa hofu: mkono wa baba uliokuwa umelegea sasa umejikunja, kidole gumba kimefichwa ndani ya ngumi, na jirani ameshasema huo ni mkono wa mtu. Hawa wawili wameona jambo moja. Nafungua uzi huu kulieleza, kwa sababu asiyelijua huacha mazoezi akidhani uponyaji umeshaanza, au hupeleka hela kwa mganga huku wiki ambazo mwili ungefundishika zinapita.

Jambo lenyewe ni hili: uti wa mgongo si waya wa kupitishia amri za ubongo tu. Una kazi zake unazozifanya wenyewe, na sehemu kubwa ya kazi ya ubongo ni kuutuliza na kuuelekeza.

Anza na goti. Mtu akae mezani, miguu ining'inie bila kugusa chini. Mgonge kwa ukingo wa kiganja chini kidogo ya pia ya goti, pale panapobonyea kabla ya mfupa wa muundi. Mguu unaruka. Madaktari wawili wa Ujerumani, Wilhelm Erb na Carl Westphal, walilieleza hili mwaka 1875, kila mmoja kivyake, na hadi leo ni kimojawapo cha vipimo vya msingi vya daktari wa neva.

Kinachotokea ni kwamba kano imevutwa na msuli wa mbele ya paja umerefuka ghafla. Ndani ya msuli mna vihisi vyembamba vinavyopima urefu wake muda wote. Vinatuma habari kwa neva zenye kasi kubwa kuliko karibu zote mwilini, mita 70 hadi 120 kwa sekunde. Habari ikiingia sehemu ya chini ya uti wa mgongo, inakutana uso kwa uso na seli inayoamuru msuli uleule. Hakuna wa kati. Msuli unakaza, mguu unaruka. Papo hapo tawi la neva hiyohiyo linaiamsha seli ndogo ya pembeni ambayo kazi yake ni kunyamazisha, na msuli wa nyuma ya paja unalegezwa ili usishindane na wa mbele.

Msiipite haraka hiyo seli ya kunyamazisha. Nitairudia.

Mwl_Baiolojia

Mkuu, uzi mzuri, ila mimi darasani nafundisha kwamba refleksi, yaani kitendo cha ghafla kisichokusudiwa kama huo mruko wa goti, haihusishi ubongo hata kidogo, na kitendo cha hiari ndicho cha ubongo. Wanafunzi huchora jedwali la safu mbili. Unataka kuniambia jedwali si sahihi?

Fundi_Viungo

Mwalimu, kwa mtihani jedwali linafaa, ila mwili haukugawanyika hivyo. Fanya jaribio dogo na wanafunzi wako. Gonga goti la mmoja wao, wote waone mguu umeruka kiasi gani. Kisha mwambie aunganishe vidole vya mikono miwili kama ndoano na avute kwa nguvu kama anataka kuvitenganisha. Gonga tena akiwa anavuta. Mara nyingi mguu utaruka juu zaidi. Daktari wa Hungaria, Ernő Jendrassik, alilionyesha hilo miaka ya 1880, na sisi hospitalini tunalitumia kila tunapokosa refleksi kwa mgonjwa aliyekaa kwa wasiwasi. Kama ubongo usingekuwa na neno, kuvuta mikono kungehusiana vipi na goti?

Mfano mwingine uko jikoni. Ukigusa sufuria ya moto, mkono unatoka kabla hujasikia maumivu. Lakini chukua kikombe cha chai inayochemka, na mtoto amekaa sakafuni karibu na miguu yako. Vidole vinaungua, na wewe unakishikilia hadi ukitue mezani. Amri ya kuachia imefika kwenye uti wa mgongo kama kawaida. Kuna amri nyingine imeshuka kutoka juu ikaizidi.

Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian, ndiye aliyeliweka sawasawa. Alionyesha kwamba refleksi na hiari zote hupita mlango mmoja wa mwisho: ile seli ya uti wa mgongo inayotuma uzi wake hadi msulini. Seli moja ya namna hiyo hupokea maelfu ya miunganiko. Baadhi inasema kaza, mingine inasema tulia, nayo inajumlisha kabla ya kuamua kurusha amri. Jedwali lako lina safu mbili, lakini zote zinaishia kwenye seli hiyohiyo.

MamaPacha

Naomba kuuliza kidogo, huenda natoka nje ya mada. Nina watoto wa wiki tano. Nikiweka kidole kwenye kiganja chao wanakibana sana, mama mkwe anasema wameshanijua. Na nikiwashika kwapani miguu ikagusa kitanda wanapiga hatua kama wanatembea. Ni kawaida?

Fundi_Viungo

Dada, hongera sana kwa mapacha. Hujatoka nje ya mada, umeingia katikati yake. Ni kawaida kabisa, tena daktari asipoyaona hayo kwa mtoto mchanga ndipo hupata wasiwasi.

Pitisha ukucha wako taratibu kwenye ukingo wa nje wa wayo, kutoka kisigino kwenda vidoleni. Utaona kidole gumba cha mguu kinapanda juu, na pengine vingine vinatanuka. Kwa mtu mzima mwenye afya vidole hushuka chini. Joseph Babinski wa Paris aliitangaza alama hii mwaka 1896, na haihitaji kifaa chochote.

Kwa mtoto kidole kinapanda kwa sababu njia kuu inayotoka kwenye gamba la ubongo kwenda uti wa mgongo bado haijakomaa. Nyuzi zake zinaendelea kuvishwa lile ganda la mafuta linaloharakisha habari, na kazi hiyo huchukua miaka ya mwanzo ya maisha. Uti wa mgongo na shina la ubongo vinafanya mambo yao bila kutulizwa. Kadiri njia inavyokomaa, kubana kidole kunaisha kufikia karibu miezi sita, zile hatua za kitandani huisha mapema zaidi, na alama ya wayo hugeuka kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Kisha mtoto anaanza kushika anachotaka na kuachia anapotaka. Kuachia ni kugumu kuliko kushika, utaliona hilo mwenyewe.

Sasa wakuu, mtu mzima wa miaka 60 aliyepata kiharusi, kidole gumba chake cha mguu nacho kinapanda juu. Mzunguko aliokuwa nao utotoni haukufutwa. Ulikuwa umetulizwa tu, na aliyeutuliza ameumia.

Golikipa_Mstaafu

Mimi nimedaka miaka mingi, na watu walinisifia kuwa nina refleksi kali. Kwa maelezo yako, zile zilikuwa uti wa mgongo au ubongo?

Fundi_Viungo

Ubongo, kaka, na jasho lako mwenyewe mazoezini. Goti likigongwa, msuli huanza kuitika baada ya takriban sehemu 20 hadi 30 za elfu za sekunde. Kuona kitu na kuanza kukijibu kwa mkono kunahitaji karibu sehemu 200 za elfu, kwa sababu habari inapita jichoni, inazunguka ubongoni, ndipo inashuka. Hata riadha wanalijua: anayesukuma kianzio cha mbio za mita 100 kabla ya sehemu 100 za elfu tangu mlio anahesabiwa ameiba mbio, kwani hakuna anayeaminika kusikia na kuitika upesi hivyo.

Piga hesabu ya penalti. Mita 11, mpira una kasi ya kilomita 100 kwa saa, unafika golini kwa sekunde 0.4. Ukitoa muda wa kuona na kuamua, kinachobaki hakitoshi kuruka hadi kwenye nguzo. Kwa hiyo ulikuwa unasoma nyonga ya mpigaji na mguu wake wa kusimamia kabla hajagusa mpira.

Na hapo pana kiungo ninachokipenda kuliko vyote, serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni. Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86, na karibu bilioni 69 kati yake ziko humo, ingawa kwa ukubwa ni sehemu ya kumi tu. Kazi yake ni kulinganisha kilichokusudiwa na kinachotokea na kurekebisha. Daktari Gordon Holmes aliwachunguza askari waliopigwa risasi za kisogoni katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hawakupooza, nguvu walikuwa nazo, lakini mkono ulipita kikombe au ulikifikia kwa kutetemeka. Mgonjwa mmoja alimweleza kwamba mkono wake mzima unafanya bila kuwaza, ila ule mwingine lazima auwazie kila hatua.

Simama wima unyanyue mikono mbele kwa haraka, mtu akiwa amekuwekea kiganja kwenye shavu la mguu. Atasikia misuli ya mguu inakaza kabla mikono haijapanda. Ubongo umeshakisia kwamba mikono ikienda mbele mwili utainama, ukaweka tegemeo mapema. Wewe uliamua kunyanyua mikono tu.

Mmakonde_wa_Newala

Nimesoma yote. Kwetu kusini, miaka ya nyuma kwenye njaa, kuna watoto na kina mama walilala wazima wakaamka miguu imekakamaa, wanatembea kwa ncha za vidole na magoti yanapishana. Wazee walisema ni muhogo mchungu. Inaingia kwenye uzi huu?

Fundi_Viungo

Inaingia, na nashukuru umeileta. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, Kongo. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 watu zaidi ya elfu moja waliupata wakati wa ukame. Tanzania ulionekana Tarime mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaibuka Mtwara.

Unawapata watu wanaokula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha, wiki kwa wiki, huku mboga za protini, kama samaki, nyama na maharage, hazipo. Muhogo huo hutoa sayanaidi. Mwili huiondoa kwa kutumia madini ya salfa yaliyomo kwenye protini, sasa protini ikikosekana, kinga hiyo haipo. Kinachoumia ni ile njia ya kutoka kwenye gamba la ubongo. Miguu inakaza yote miwili, ghafla, mara nyingi ndani ya siku moja, na haiendelei kuzidi lakini pia hairudi. Gonga goti la mgonjwa wa konzo, mguu unaruka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Hisia ya ngozi iko palepale. Seli za uti wa mgongo ni nzima.

Weka kando ya polio. Virusi vya polio huziua zile seli za mwisho zenyewe, ule mlango mmoja wa Sherrington. Mguu unalegea, unakonda, na ukigonga goti hakuna kitu, kwa sababu hakuna wa kuitika. Wote wawili utasema wamepooza, lakini mmoja amepoteza anayeamuru na mwingine amepoteza anayetekeleza. Polio tuliisukuma nyuma kwa chanjo. Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili.

Konzo hakuna chanjo, ila kuna njia ya jikoni aliyoieneza mtafiti Howard Bradbury wa Australia na wenzake. Unga wa muhogo unaloweshwa maji hadi uwe kama tope zito, unatandazwa juu ya ungo au mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sayanaidi inatoka na hewa. Kisha unasonga ugali siku hiyohiyo. Hii ni nyongeza, haichukui nafasi ya kuvundika makopa ipasavyo. Nawaomba mlioko Mtwara, Ruvuma na Mara muwaambie kina mama, hasa mvua ikikataa na makopa yakaanza kufanywa harakaharaka.

Nesi_Wa_Zamu

Naongezea pepopunda, kwa sababu nimewauguza. Tunawaweka chumba cha giza na kimya. Mlango ukibamizwa tu mwili mzima unakakamaa, mgongo unapinda kama upinde, na mgonjwa ana akili zake timamu muda wote. Ndugu wanatushangaa kwa nini tunawakataza kuongea kwa sauti.

Fundi_Viungo

Asante sana sista, umenirahisishia, maana niliahidi kurudi kwenye ile seli ya kunyamazisha.

Sumu ya bakteria wa pepopunda huingia kwa kidonda, hupanda kwa kufuata neva hadi kwenye uti wa mgongo, na huko huziziba seli za kunyamazisha zisiweze kutoa kemikali zake. Seli za kuamuru ni nzima, msuli ni mzima, ubongo ni mzima. Kilichoondoka ni utulivu. Msuli wa mbele na wa nyuma unakaza kwa pamoja, na ule ushirikiano tuliouona kwenye goti haupo tena. Sauti ndogo inatosha kuwasha mwili mzima. Ukitaka kujua mwili wenye afya unafanya kazi kiasi gani kukaa kimya, pepopunda ndiyo jibu. Mama mjamzito akipata chanjo, mtoto wake mchanga naye analindwa, na kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kisipakwe kitu chochote cha nyumbani.

Binti_wa_Tanga

Kaka Fundi, shikamoo. Nimesoma huku nalia. Mama yangu alipata kiharusi miezi minne iliyopita, upande wa kulia. Mwanzo mkono ulikuwa kama kitambaa, sasa umejikunja. Nikimkalisha kwenye kiti na kuweka wayo chini, mguu unapiga-piga wenyewe kama cherehani. Tulifurahi. Wiki hii umezidi, hata usiku. Ina maana hatapona?

Fundi_Viungo

Marahaba dada. Pole sana na uuguzi, ni kazi nzito.

Si hivyo. Kupiga-piga huko peke yake hakusemi atapona wala hatapona. Mama ameumia upande wa kushoto wa ubongo, kwa sababu nyuzi nyingi za njia ile, karibu tisa kwa kila kumi, huvuka upande wa pili pale shina la ubongo linapoungana na uti wa mgongo. Siku za mwanzo uti wa mgongo hupigwa na mshangao, ndiyo maana mkono ulilegea. Baada ya hapo refleksi zinarudi bila breki: ukiweka wayo chini, msuli wa shavu la mguu unavutwa, unaitika, kuitika huko kunauvuta tena, na hivyo hivyo. Kinachoonyesha nafuu ni yeye kujaribu kitu na kukiweza, hata kiwe kidogo: kusogeza kidole kimoja bila vingine, kunyoosha kiwiko ukimwomba.

Unapomnyoosha, nenda polepole mno. Vile vihisi vya msuli huwaka zaidi kwa kasi ya kuvutwa, hivyo mkono unaovutwa upesi unakupinga, na uleule ukiupeleka taratibu kwa hesabu ya ishirini unafunguka. Anza na kifundo cha mkono kiinamie mbele, vidole vitalegea, kisha toa kidole gumba kwanza kwa kukishika kwenye shina lake chini, siyo kwenye ncha. Usimnyanyue kwa kumvuta mkono, bega litachomoka. Mguu ukianza kupiga, bonyeza goti chini ili kisigino kikanyage sakafu kikamilifu na ukae hivyo. Mpira wa kubanabana mimi siwapi wagonjwa ambao ngumi imeshakaza, maana kubana wanakuweza tayari. Na kama amepewa baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, isikatishwe ghafla bila daktari.

Sasa hilo la kuzidi wiki hii ndilo linalonishughulisha. Ukakamavu ukiongezeka ghafla, tafuta kinachomuumiza, hata kama yeye hasikii wala hasemi. Uti wa mgongo unapokea maumivu na kuyajibu bila yeye kujua. Kagua mkojo kama unanuka au unamtoka kwa shida, choo kama kimefunga, kiatu au kamba inayobana, ukucha ulioingia nyamani, na ngozi ya matako, nyonga na visigino.

Binti_wa_Tanga

Choo anapata. Mkojo uko sawa. Nimemvua soksi sasa hivi, kisigino cha mguu huo kina duara jekundu limeiva katikati, na ngozi imeanza kuchubuka. Huwa analala chali.

Fundi_Viungo

Hicho ni kidonda cha kulalia kinaanza, na huenda ndicho kinachouchochea mguu. Weka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki hewani kisiguse godoro. Usikisugue wala kukipaka dawa ya meno au mafuta ya kuchua. Mgeuze kila baada ya saa mbili, hata usiku, mpeane zamu na wadogo zako. Kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya wakione, na uwaulize pia kuhusu sukari yake.

Nesi_Wa_Zamu

Dada, kama mto hauna, kunja blanketi au kanga mbili nene. Ukitoka kituoni njoo utuandikie walivyosema.